Nani alichukua nini leo? Kisa cha mama mdogo na kumbukumbu yake, Newala

Mama mdogo ana genge Newala, si mbali na stendi. Anauza unga wa muhogo, dagaa, chumvi, sabuni za mche, mafuta ya kupima, na ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, ikipatikana. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekopesha watu akitegemea kichwa zaidi ya daftari, na kukopesha kwa upande wetu wa Mtwara si jambo la siku mbili tatu. Kuanzia Juni watu wanamalizia fedha zao kwenye kazi ya kupulizia mikorosho. Minada inaanza Oktoba, na hata korosho zikiuzwa mkulima hangojei noti mkononi, anangoja pesa iingie benki kupitia chama cha msingi cha ushirika. Katikati hapo nyumba nyingi hazina kitu. Anayechukua nusu lita ya mafuta Julai anasema, "Nikilipwa korosho, mama," na mama mdogo anaitikia, "Haya." Deni hilo litakaa kichwani mwake miezi minne, pengine mitano, pamoja na mengine hamsini yanayofanana nalo.

Mwaka juzi, mwishoni mwa Novemba, alimfuata jirani yake nyumbani kumdai shilingi 18,000. Jirani alikuwa ameketi mkekani na wakwe zake, wanachambua choroko. Akasema kwa upole, "Dada, mbona nilikulipa Jumanne? Nilikupa noti ya elfu kumi na noti nne za elfu mbili, ukazifunga kwenye pindo la khanga." Mama mdogo akakataa. Jirani akamwita mtoto wake aliyekuwa naye siku hiyo, mtoto akasema vilevile. Mama mdogo akarudi kwake bila kuaga. Akaitafuta khanga aliyovaa Jumanne, akaikuta kwenye kapu la nguo chafu, pindo bado limefungwa. Akalifungua. Noti ya elfu kumi, na ndani yake noti nne za elfu mbili, zimekunjwa pamoja.

Usiku ule alinipigia simu Masasi ninakofundisha. "Mwanangu, kichwa changu kimeondoka."

Ana miaka 58. Kabla sijafika, hukumu zilikuwa zimeshatolewa tatu. Mmoja katika ukoo alisema ni uzee tu, tuuzoee. Mwingine alisema amechezewa na mtu anayelitaka eneo la genge. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameamua genge lifungwe, mama apumzike. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu genge lile lilibaki wiki moja tu lifungwe, na hakuna hata mmoja kati yetu, mimi nikiwamo, aliyekuwa amemuuliza mwenyewe anasahau nini hasa, saa ngapi, akiwa anafanya nini.

Hospitali kwanza

Shule zilipofunga Desemba nilikwenda Newala, na jambo la kwanza lilikuwa hospitali. Nasisitiza hapo, kwa sababu mtu anaweza kujifunza mbinu zote za kukumbuka huku chanzo kiko kwenye damu au kwenye dawa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sukari, huzuni iliyokaa muda mrefu, kukosa usingizi, vyote hivi hufanana na usahaulifu wa uzee na vingi vina tiba. Nilikuwa nimejiandaa pia kuulizwa maswali mazito. Je, anapotea kwenye njia anayoijua? Anashindwa kuhesabu noti? Anauliza swali lilelile mara tano ndani ya saa moja? Anashindwa kupika chakula alichopika maisha yake yote? Hayo yangekuwa kisa kingine kabisa. Na kama ulimi ungemlemea ghafla, au mdomo kupinda, au mkono mmoja kulegea, hiyo ni dharura ya saa ileile, si ya kungoja shule zifunge.

Hakuna hata moja katika hayo alilokuwa nalo. Chenji yake ni sahihi hadi shilingi hamsini. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu, na alipoulizwa kuhusu dawa alizoandikiwa alikiri kwamba siku nyingine anazisahau. Kisha daktari akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: "Mama, kuna dawa nyingine unajinunulia?"

Ilikuwapo. Tangu mumewe afariki alikuwa halali, na mtu alimshauri ameze vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio, maana vinalaza. Alikuwa anameza viwili kila usiku, kwa miezi. Dawa ile, klorofeniramini, ni ya zile zinazozuia kemikali iitwayo asetilikolini, na kemikali hiyo ndiyo ubongo unayoitumia katika kumakinika na katika kuweka kumbukumbu mpya. Kwa mtu mwenye umri, dawa za kundi hilo zinaweza kumwacha asubuhi na kichwa chenye ukungu, na wataalamu wanashauri wazee waziepuke. Akashauriwa aviache. Wiki ya kwanza alilala vibaya sana, alikuwa anaamka saa nane na kukaa barazani na ukungu wa Newala. Wiki ya pili ikawa nafuu. Mtu asiidharau hatua hii. Bila hiyo sidhani mengine yangefanya kazi.

Wiki ya kuandika

Nilinunua daftari la shule na nikaomba tufanye jambo moja kwa siku saba: kila anaposahau kitu, mimi au mjukuu wake wa darasa la tano tuandike kilichosahaulika, saa, na alichokuwa akifanya wakati kitu hicho kilipopaswa kuingia kichwani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufumbua macho.

Siku saba zilitupa matukio 19. Kumi na moja yalifanana kama mapacha. Nitaeleza moja. Jumatano asubuhi mama mmoja alichukua mafuta ya shilingi 1,500 kwa mkopo. Wakati huohuo mama mdogo alikuwa ameshika kipimo juu ya chupa, jicho liko kwenye mstari, dereva wa bodaboda anamwita kuhusu gunia la mihogo mikavu, na mtoto amenyoosha mkono anataka chenji. Yule mama akasema, "Utaniandikia," akaenda. Jioni mama mdogo hakujua kabisa kwamba mtu yule alifika. Tunasema amesahau, lakini kilichosahaulika lazima kiwe kimewahi kukumbukwa. Deni lile halikuingia.

Akili ina sehemu finyu ya kushikia mambo ya papo hapo. Mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, aliandika kuwa inabeba vitu saba hivi, na Nelson Cowan, mwaka 2001, akaonyesha kuwa ukimzuia mtu asirudierudie wala kupanga vitu mafungumafungu, hubaki karibu vinne. Hesabu vya mama mdogo Jumatano ile: mstari wa kipimo, gunia, chenji, mteja wa mafuta. Nafasi imejaa, na mafuta yakimwagika ni hasara inayoonekana, kwa hiyo akili ikaangalia mafuta.

Matano yalikuwa ya nia: kumeza dawa, kurudisha sufuria ya watu, kupiga simu. Hapo alijua fika anachotakiwa kufanya, ukimuuliza anakwambia, ila hakukumbuka wakati wenyewe ulipofika. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya kuchanganya watu, deni la huyu kumpa yule. Katika yote 19 hakuna hata moja ambapo jambo aliloliweka vizuri lilifutika lenyewe. Nilimsomea hesabu hiyo. Alinyamaza, akasema, "Kwa hiyo sijawa mjinga." Sikujua kwamba neno hilo ndilo lililokuwa likimkaa rohoni.

Swali la baba mdogo

Lakini bado nilikuwa na shida moja. Genge lina kelele miaka yote. Bodaboda zilikuwapo, watoto wa chenji walikuwapo. Kwa nini iharibike sasa?

Jibu lilikuja usiku wa nne, bila mimi kulitafuta. Tumeshakula, ametoka kuswali isha, mjukuu anaondoa vyombo. Nikauliza kwa mazungumzo tu, "Leo waliokopa ni wangapi?" Akaanza kutaja mmoja baada ya mwingine, kitu na bei. Alitaja tisa. Mjukuu alikuwa na karatasi yake ya siku ile, watu kumi. Mmoja tu ndiye aliyemtoroka, na ni yule wa kipimo cha mafuta. Nilikuwa naanza kumsifu nikaona anafuta macho na ncha ya khanga. "Baba yenu alikuwa ananiuliza hivihivi."

Baba mdogo alikuwa fundi seremala. Kila usiku akirudi, akiwa anavua viatu mlangoni, alikuwa anauliza, "Nani alichukua nini leo?" Mama mdogo anataja, yeye anasikiliza. Ijumaa anauliza ya wiki nzima. Pesa za korosho zikianza kuingia, swali linageuka: "Nani kalipa?" Hakuwahi kuandika chochote. Alifariki Machi mwaka ule. Mama mdogo alikaa eda miezi minne na siku kumi, genge akakaa binti yake. Alipotoka ilikuwa katikati ya Julai, kipindi kilekile watu wanapokopa kwa wingi. Akarudi gengeni, kazi ileile, kelele zilezile, vidonge vya njano juu yake, na usiku hakuna anayeuliza.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Sisi tulidhani alikuwa anakumbuka peke yake. Alikuwa anakumbuka akiulizwa.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima ni juhudi kiasi gani anaokoa akizikariri upya. Baada ya saa moja akiba iliyobaki ilikuwa kama asilimia 44, baada ya siku moja 34, baada ya siku 31 ilikuwa 21. Yaani maporomoko makubwa yako mwanzoni kabisa, kisha mteremko unalala. Deni si silabi tupu, lina sura ya mtu na harufu ya dagaa, halianguki kwa kasi hiyo. Ila umbo la mteremko ni hilohilo, na linaonyesha swali la baba mdogo lilikuwa linaingia wapi: jioni ileile, kabla ya usiku kupita.

Na namna lilivyoingia nayo ina uzito wake. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006 nchini Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Habari moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano kusoma mara mbili kulikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: yaliyosomwa mara mbili yalibaki asilimia 42, yaliyosomwa na kujaribiwa 56. Kulichota jambo kutoka kichwani kunalikaza kuliko kulimimina tena.

Waliopita chuoni, kwenye madrasa zetu, watasema hilo si geni. Mtoto hahesabiwi amehifadhi sura kwa kuwa ameisoma mara nyingi. Anafunga msahafu, anakaa mbele ya mwalimu, anasikilizwa. Kisha anasikilizwa tena kesho, na baada ya wiki. Baba mdogo alisoma chuo utotoni. Siwezi kuapa kwamba ndiko alikolitoa, lakini kila nikifikiria lile swali lake la Ijumaa naona mwalimu na fimbo yake kwenye mkeka.

Tulivyofanya

Tulimpa mjukuu kazi ya kuuliza. Siku za kwanza aliuliza kama karani wa mahakama na bibi yake akawa anajibu kwa aibu. Kisha mtoto mwenyewe akabuni. Akapaza sauti, "Kitendawili!" Bibi akaitika, "Tega!" "Nyumba ya bati jekundu, kachukua nini?" Bibi akacheka, akajibu. Tangu siku hiyo ndivyo wanavyofanya. Kanuni ni mbili tu: bibi ataje kwanza bila kuangalia popote, na karatasi ifunguliwe baadaye kusahihisha. Jumapili wanarudia ya wiki.

Najua msomaji anasema nini, kwa sababu ndilo alilosema kila mtu Newala: mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli. Mama mdogo alimaliza darasa la saba, anaandika vizuri, na sasa daftari la madeni lipo. Lakini daftari alikuwa nalo hata kabla. Liliandikwa jioni, kutoka kichwani, na kisichoingia kichwani hakikuingia daftarini. Tena wateja wake wanamlipa njiani, msibani, kwenye foleni ya maji, mahali ambapo hana kalamu. Kwa biashara ya namna hiyo daftari ni shahidi, na kichwa ndicho kinachompelekea shahidi habari.

Kwa hiyo tulishughulikia mlango wa kuingilia. Tulikubaliana kwamba anayekopa au kulipa hatoki mpaka mama mdogo ashushe kipimo, amtazame usoni, na aseme kwa sauti jina, kitu na kiasi: "Mama fulani, mafuta, elfu moja na mia tano." Ni sekunde tatu. Kusema kwa sauti kunaifanya akili isimame pale, na mteja naye anakuwa shahidi. Mwanzoni aliona ni kama kuwatuhumu watu. Nikamwambia ajaribu kuisema kama shukrani. Sauti yake ikabadilika na hakuna aliyenuna.

Nilimfundisha pia mbinu ya zamani ya kuweka mambo mahali. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia habari za Simonides, mshairi wa Kigiriki aliyetoka nje ya karamu, nyuma yake paa likaanguka, na akaweza kuitambua miili iliyopondeka kwa kukumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Nilimwambia mama mdogo achukue njia yake ya kwenda nyumbani na aweke jambo moja kwenye kila kituo: kwenye mashine ya kusaga aone mbuzi amekalia mdomo wa mashine na chupa ya mafuta mkononi, na kadhalika. Alicheka hadi akakohoa, na baada ya siku chache akaacha. "Mwanangu, mbuzi huyu ananichosha." Ila alichukua kiini na kukitengeneza upya. Anapojibu vitendawili vya usiku sasa haanzi na aliyekuja wa kwanza. Anatembea kichwani kwenye mtaa, nyumba kwa nyumba, na kwenye kila mlango anatazama kama kuna kitu cha genge lake. Ile shida ya kuwachanganya watu ikapungua hapo, kwa sababu majina yanafanana lakini milango haifanani.

Mambo ya nia yalihitaji dawa tofauti, maana hapo hakuna cha kuuliza usiku, muda umeshapita. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba nia inatekelezeka zaidi ikifungwa kwenye tukio maalumu kuliko ikiachwa ielee: nikifika hapa, nafanya hili. "Nitameza dawa asubuhi" inaelea. Tukaifunga kwenye kikombe. Pakiti ya dawa ya presha inalala ndani ya kikombe chake cha chai, na chai haiwezi kumiminwa kabla pakiti haijatolewa. Tangu hapo presha imeshuka na kukaa. Sufuria za watu zinawekwa mlangoni upande wa ndani, pale ambapo hawezi kutoka bila kuziruka.

Msimu uliofuata

Nilirudi Juni, watu wanapulizia, na mikopo imeanza kupanda. Kitendawili cha usiku kilikuwa hai. Siku mbili kati ya kumi nilizokaa mjukuu alilala mapema na hakuna aliyeuliza. Asubuhi zake mbili tulijaribu, na zote mbili mama mdogo alikosa watu wawili watatu. Mwanawe wa Dar es Salaam, ambaye sasa amekubali genge liendelee, huuliza kwa simu mjukuu anapokuwa na mitihani.

Novemba, pesa ya mnada ilipoingia, ndicho kipindi nilichokihofia. Watu wanalipa kwa mkupuo, ishirini, thelathini ndani ya siku chache, wengine kiasi kilekile, na hapo ndipo alipojikwaa mwaka uliotangulia. Usiku mmoja simu yangu ikaita, umepita muda wa isha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto kalala, nimekupigia unisikilize."

Akaanza kutaja waliolipa. Sikuwa na karatasi ya kumsahihisha, nilisikiliza tu. Alikwenda mtaa mzima, bati jekundu, mashine ya kusaga, kwa fundi cherehani, mpaka akafika kwa jirani yake. "Huyu elfu kumi na mbili. Kalipa jana asubuhi mbele ya mjukuu. Nimemwambia 'umelipa' kwa sauti kubwa, mpaka akacheka."